Matundu Niliyoyaziba

Feza mwanangu,

Nimekutuma kwa Mama Ngoie hapo jirani ukaagane naye kwa sababu najua hatakuachia mapema, nami jioni hii nilihitaji meza iwe yangu peke yangu. Kesho asubuhi unapanda treni, na baada ya treni kuna meli ya mtoni, na baada ya meli kuna Kinshasa na shule yako ya ujenzi. Habari za kufunga pesa kwenye pindo la kitenge, za kutolala karibu na mlango wa behewa na za kuchemsha maji ya kunywa, shangazi yako amekwisha kukuambia, tena kwa sauti ambayo mtaa mzima umeisikia. Hapo sina la kuongeza. Nina jambo jingine, na kama ningekuwa na moyo mgumu kidogo ningekuambia kwa mdomo.

Mama yako yuko chumbani anapanga sanduku lako. Tangu adhuhuri amelipanga mara tatu. Blanketi la kijivu linaingia, halafu analitoa akitafuta kama ameliweka, halafu anaanza upya. Nimemwacha. Anaimba kidogo.

Jumapili iliyopita, wenzako wa shule walipokuja kukuaga, alikuuliza treni inaondoka siku gani. Ukamjibu. Akaleta chai, akauliza tena, ukamjibu. Mara ya tatu ulisema, "Mama, nilisha kukuambia. Uko nasahau kila kintu." Hukusema kwa ubaya. Wenzako walicheka kidogo, wewe pia ukacheka, na mama yako akatazama mikono yake. Mimi nilikuwa nimeketi mlangoni nikitengeneza mpini wa nyundo. Nilisikia yote, nikaendelea na mpini. Nimenyamaza hivyo kwa miaka kumi na tano, na sitaki upande treni kabla sijaacha.

Mama yako hakuzaliwa hivyo, Feza. Umemkuta hivyo kwa sababu yangu.

Nilipomwoa Mauwa, hakuna muuzaji wa sokoni aliyeweza kumchezea. Baba yake alikuwa fundi cherehani, mtu wa Kasongo kama sisi, naye alimfundisha kupima kitambaa kwa macho. Ujuzi huo wa macho aliupeleka kwenye kila kitu. Alitazama ukuta akakuambia utahitaji matofali mangapi. Mimi niliyelipwa kwa kazi hiyo nilihesabu kwenye karatasi, nikifuta na kuandika, mwisho nikapata jibu lake lilelile. Aliuza mikate ya kukaanga pale mbele ya nyumba, na alijua kila mteja ana watoto wangapi na yupi kati yao anakohoa. Hakuandika kitu. Hakuhitaji.

Mimi nilikuwa fundi seremala katika idara ya nyumba ya kampuni ya shaba, na kazi yangu hasa ilikuwa dari. Nyumba za wakubwa, zile zenye bustani mbele, nilizijua kwa juu kuliko wenyewe walivyozijua kwa chini. Nilipigilia triplex, mbao zile nyembamba, nikaacha nafasi kati ya mbao na bati ili joto lisishuke. Nilitoboa matundu ya hewa juu ya madirisha. Nilirefusha paa upande wa jua la jioni ili ukuta ukae kivulini. Kwa hiyo siwezi kujitetea kwamba sikujua. Kila kitu ambacho nyumba yetu ilikosa, nilikuwa nikikifanya kwa watu wengine kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa.

Na nyumba yetu hapa mtaani Hewa Bora ilikuwa na nini? Kuta za matofali ya kuchoma, bati juu, basi. Ukilala chali unaona misumari. Mwezi wa kumi, mvua zikiwa bado, bati lilianza kulia kwa joto kuanzia saa nne, na mama yako alikulaza sakafuni chini ya meza kwa sababu ndipo palipokuwa na ubaridi. Mwezi wa sita na wa saba baridi ilishuka kupitia bati hilohilo. Alfajiri maji yalijikusanya kwenye ncha za misumari yakadondoka juu ya blanketi. Mama yako aliwasha mbabula, lile jiko la makaa, asubuhi, akawasha tena jioni ili chumba kipate joto, na gunia la makala halikumaliza majuma mawili.

Nilipopata akiba yangu ya kwanza, nilitengeneza uso wa nyumba. Nilipiga saruji ukuta wa mbele, huo peke yake, nikaupaka rangi ya kijani, nikaweka geti la chuma lenye maua. Kuta tatu nyingine zilibaki kama zilivyokuwa. Watu wakipita walisema, "Pale njo kwa fundi." Nilipenda sana kusikia hivyo. Wakati mwingine niliketi nje makusudi nisikie.

Shangazi ya mama yako alikuwa ameolewa ng'ambo, upande wa Zambia, na mama yako alikuwa akienda mpakani Mokambo mara mojamoja kubadilisha vitenge kwa sabuni. Safari moja alilala kwa shangazi huyo siku tatu. Aliporudi hata mzigo hakuushusha vizuri.

"Papa Feza," aliniambia, "kule kwa shangazi nyumba iko ndogo kuliko yetu, lakini muntu analala bila jasho. Balifanya plafo ya matete pale chini ya bati, bakaipaka udongo na chokaa. Na juu ya dirisha balitoboa matundu mbili, hewa ya moto inatokea pale."

"Plafo ya matete ni ya ku kijiji," nilimjibu. "Mi niko fundi wa kampuni. Bantu batasema nini?"

"Batasema joto imepunguka."

Nilicheka, lakini sikukubali. Akaendelea kunieleza jinsi walivyosiliba ndani ya mbabula kwa udongo wa kichuguu, na kwamba makala ya siku moja yalikwenda siku mbili kwa sababu udongo ulishika moto badala ya kuuachia upepo. Alikuwa na hamu usoni, kama mtu aliyeokota kitu barabarani na anataka mgawane.

"Nitaweka triplex," nikasema. "Mwaka kesho."

Mwaka kesho ulikuja, nikanunua redio kubwa. Uliofuata, nikaongeza baraza mbele ili redio ionekane.

Ulikuwa unakaribia miaka minne kampuni ilipotupeleka mji wa Likasi kwa kazi ya majuma mawili. Niliporudi, niliona matundu mawili juu ya dirisha la chumba cha kulala. Mama yako alikuwa ameazima patasi kwa mtu, akapanda juu ya meza, akatoboa kila siku kidogo ulipokuwa umelala mchana. Kila tundu lilikuwa na ukubwa wa nusu ya tofali. Kingo alizilainisha kwa chokaa. Ndani aliweka wavu wa kuzuia panya, nje akachomeka kipande cha kigae kikiwa kimeinama ili mvua isiingie. Nilikagua kazi hiyo kama nilivyokagua za wanafunzi wangu kazini, nikitafuta kosa, na sikulipata. Mbabula nayo alikuwa ameisiliba. Pembeni ya kitanda kulikuwa na mikeka miwili mikubwa ya matete ikinisubiri niipandishe mimi, kwa sababu huko juu asingefika.

"Sasa uniambie iko mubaya," alisema. Alikuwa na chokaa kwenye nyusi.

Nilimwambia iko muzuri. Nataka ujue kwamba niliyasema maneno hayo, na kwamba nilimaanisha. Ilikuwa Ijumaa.

Jumamosi asubuhi tulitoka kwenda kwenye salongo, ile kazi ya kusafisha mtaa ambayo kila nyumba ililazimika kuitolea mtu. Tulikuwa tunazibua mtaro, wanaume kama kumi na wawili. Jirani yetu Kyungu, fundi magari, akaegemea koleo lake akaniambia, "Fundi, tunasikia bibi njo fundi sasa ku nyumba yako. Wewe utauza mikate?"

Wote wakacheka. Kyungu alikuwa mtu mzuri. Nadhani alisahau utani wake kabla mtaro haujaisha. Mimi niliubeba mpaka nyumbani. Nilichanganya saruji iliyobaki kwenye mfuko, nikakata matofali, nikapanda juu ya meza ileile aliyoipanda yeye, nikaziba matundu yote mawili. Mama yako alitoka jikoni akiwa amekubeba kiunoni.

"Juu ya nini, Papa Feza?"

"Mwizi ataingia."

"Mwizi gani anapita mu nusu ya tofali?"

Nilichota saruji nyingine. Alisimama pale hadi nikamaliza kulainisha saruji kwa mwiko.

"Hauko naziba tundu," akasema kwa sauti ya chini. "Uko naniziba kinywa."

Siku hiyohiyo aliichukua mikeka ya matete akampa Mama Ngoie, ambaye aliitumia kuanika mihogo. Hakuitaja tena. Nilidhani amani imerudi, Feza. Niliona nyumba imetulia, nikajipongeza kwamba nimejua kuitawala.

Mwezi wa sita ulikuja na baridi kali kuliko kawaida. Asubuhi ile nilitoka mapema kwenda kazini. Mama yako aliwasha mbabula nje, akasubiri makala yawe mekundu yasiyo na moshi, kama kila mtu anavyofanya, akaiingiza chumbani ili akuogeshe penye joto. Akafunga mlango. Akafunga dirisha. Sasa wewe unakwenda kusoma ujenzi, watakueleza vizuri kuliko mimi: makala yakiwaka ndani ya chumba kilichofungwa hutoa sumu isiyo na harufu, na mtu huona usingizi tu. Mimi niliambiwa hayo na msimamizi wangu mwaka wangu wa kwanza kazini. Ndiyo sababu mojawapo iliyofanya tutoboe matundu katika nyumba za wakubwa, kwa ajili ya siku za baridi. Nilijua.

Mama Ngoie alikuja saa tatu kuchukua mikate yake, akakuta meza tupu. Aliita, hakujibiwa. Akasukuma mlango wa mbele, kisha wa chumbani. Mama yako alikuwa sakafuni, mkono mmoja umenyooka kuelekea mlangoni. Wewe ulikuwa kitandani umefungwa taulo. Alikuburuta wewe kwanza, halafu akarudi kumburuta mama yako, na mgongo wake haujapona hadi leo, ingawa akiulizwa anasema ni uzee. Ukirudi kutoka kwake jioni hii utakuwa umeshaagana naye bila kujua hilo. Kabla ya kwenda stesheni kesho, pita tena.

Walinifuata kazini. Nilifika hospitali nikiwa bado na misumari mdomoni, ile tunayoishika kwa midomo tukiwa juu ya ngazi. Mwuguzi ndiye aliyeniambia niiteme. Alasiri wewe ulilia, ukaomba chakula, na watu wote wakamshukuru Mungu. Mama yako alifumbua macho siku ya nne.

Daktari aliniita pembeni. Alikuwa kijana, mpole.

"Kile chumba iko na tundu ya hewa?" aliniuliza.

"Iko nayo, dokta," nikamwambia. "Iko mbili."

Aliandika kwenye karatasi yake. "Basi ilikuwa bahati mubaya," akasema.

Niliwaambia ndugu zangu, na ndugu zake, na majirani, kwamba ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Mama Ngoie aliyeona mbabula kwa macho yake hakunikanusha. Alinitazama tu, na kwa mwaka mzima aliniamkia bila kusimama. Hiyo malaria ndiyo uliyosimuliwa wewe.

Mama yako alirudi nyumbani baada ya majuma matatu. Alitembea vizuri, alicheka, alikutambua, alinitambua. Siku ya pili alitia chumvi mara mbili kwenye mboga. Siku ya tatu akaketi mezani na mikate yake, mteja akachukua mitano akatoa noti, na nilimwona kutoka ndani akiishika ile noti, akiigeuza, akimtazama mteja kama anayesubiri asaidiwe. Mteja alikuwa mtu mwema, alijirudishia chenji mwenyewe. Baada ya mwezi aliacha kuuza. Mambo ya zamani anayakumbuka yote, hata rangi ya kanzu ya babu yake. Ya jana yanapita kama maji kwenye wavu.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi kwake nilizibua matundu. Nilipiga nyundo nikitamani mtaa mzima usikie, na Kyungu akaja kunishikia ngazi bila kuuliza. Nilikwenda kwa Mama Ngoie kuomba mikeka ya matete. Ilikuwa imechakaa, akanielekeza kwa anayeisuka. Nikaipandisha, nikaipaka udongo na chokaa juu na chini. Nilipaka chokaa bati lote, na kila mwaka kabla ya mwezi wa kumi nimelipaka tena, umeniona. Nilirefusha paa upande wa jua la jioni, nikahamisha jiko chini ya ukingo huo, nje ya chumba. Madirisha niliyatengeneza yafunguke yote, juu na chini. Sikununua karibu kitu chochote. Vingi vilitoka porini na kwenye kichuguu kilicho nyuma ya uwanja wa mpira. Kazi yote ilinichukua majuma sita, baada ya miaka mitatu ya mwaka kesho.

Na yote aliyoyasema yalitimia. Mwezi wa kumi unaketi ndani saa nane mchana ukala bila kujipepea. Mwezi wa sita maji hayadondoki. Gunia moja la makala lilianza kutupeleka karibu mwezi mzima. Majirani wakaja, kwanza kuangalia, halafu kuniuliza, halafu kuniita niwafanyie. Mishahara ya kampuni ilipoanza kuchelewa, dari za matete ndizo zilizotulisha. Ada ya shule yako, kamusi yako, na tikiti ya treni uliyonayo, vimetoka huko. Ulimwambia mwalimu wako kwamba unataka kujenga kwa sababu uliona baba yako akipanda kwenye dari za watu. Nilikuwepo ulipolisema, na sikukusahihisha. Nilipanda mimi, ndiyo. Aliyewaza ni yeye.

Miaka mitatu iliyopita, ukiwa shuleni, alikuja mtu kutaka kuinunua nyumba hii. Mfanyabiashara wa vitenge, mwenye abakosti nzuri, koti lile lisilovaliwa tai, aliyezoea kusubiri malori yake mpakani Kasumbalesa na aliyetaka mahali pa familia yake. Ilikuwa mchana wa joto. Alikuwa ametoka kuangalia nyumba nyingine mtaani kwetu, zenye vyumba kama vyetu. Alipoketi hapa alifungua kifungo cha shingo, akatazama juu.

"Sitwayeni fundi, mu nyumba hii iko mupepo," alisema, akiniita raia kama serikali ilivyotufundisha wote kuitana.

Kisha akataja bei. Ilikuwa bei ya nyumba mbili za mtaa huu. Ukuta wa kijani hakuutazama, wala geti.

"Ni nani alikujengea?" akauliza.

"Mimi," nikasema. Lilitoka lenyewe, kwa fahari.

Mama yako alikuwa anatumiminia chai. Aliinua macho kwenye dari, akaitazama kwa muda mrefu, kama mgeni.

"Hii plafo iko muzuri sana," alisema. "Ni nani aliwaza kuifanya hivi?"

Nikamwambia, "Ni wewe, Mama Feza."

Alicheka. Alidhani namtania mbele ya mgeni. Mfanyabiashara naye akacheka, akasema nina mapenzi na bibi yangu. Nilitaka kumwambia yule mtu kwamba ni kweli, kwamba ameketi chini ya akili ya huyu mwanamke anayemtilia sukari mara ya pili. Sikuweza. Nilimwambia nyumba haiuzwi, akaondoka akiwa ameudhika kidogo.

Utauliza kama nimewahi kumwomba msamaha. Nimemwomba mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka uleule. Nilimweleza yote, matundu, salongo, daktari. Kisha aliniwekea chai akasema, "Ulikuwa kijana, na bantu balikucheka." Nikalia, akanishika kichwa. Nilifikiri limekwisha. Miezi michache baadaye alikuwa amesimama chumbani akitazama juu ya dirisha, akaniuliza kwa nini kingo za matundu zina mabaki ya saruji. Hakukumbuka kitu. Nikamweleza tena tangu mwanzo, na maumivu yale yakamwingia upya, yote, kama ndiyo kwanza ayasikie. Safari hii hakunisamehe. Alikwenda kwa dada yake siku mbili, halafu akasahau kwa nini yuko huko, akarudi akiwa na furaha, na kuku wa kupika.

Baada ya hapo sikumwambia tena. Sijui kama nilifanya vizuri. Kumwambia ni kumpiga upya, na kunyamaza ni kujipa msamaha ambao pengine leo asingenipa. Nimelifikiria kwa miaka, na hadi leo hii sina jibu. Nimekuwa nikipaka chokaa tu.

Kule uendako utafundishwa mengi kuhusu nyumba, na utakuwa fundi mkubwa kuliko mimi. Sina la kukufundisha isipokuwa hili lililonipata. Mtu anayekaa ndani ya nyumba, anayefagia na kupika na kuogesha mtoto humo, alikuwa ameshajua ugonjwa wa nyumba yetu na dawa yake, na mimi mwenye cheti nilikuwa nje nasikiliza wapita njia. Na siku utakapoulizwa ulijifunza kwa nani, tafadhali usinitaje mimi kwanza.

Sitaki unisamehe upesi. Ukikasirika njiani, kasirika. Safari ni ndefu, utapata nafasi. Ukitaka kuniandikia maneno makali niandikie mimi, kwa bahasha yenye jina langu, nami nitayasoma peke yangu.

Lakini yeye mwandikie barua yake peke yake. Mweleze chumba chako, dirisha linatazama wapi, mnapika kwa moto gani, jua linaingia saa ngapi. Atapenda hayo. Nitamsomea barua yako asubuhi, na jioni atakapouliza kama Feza ameandika, nitamwambia ndiyo, imefika leo, nami nitamsomea tena, na atafurahi kama mara ya kwanza.

Baba yako